Mgonjwa Aitwe Kabla ya Fundi: Nafasi ya Wagonjwa katika Kubuni Zana za Afya za Kidijitali



Naomba nianze na jaribio lililofanyika kwa jirani zetu. Kuanzia Mei 2007 hadi Oktoba 2008, kliniki tatu nchini Kenya, miongoni mwake Pumwani jijini Nairobi na Kajiado kwa wafugaji, ziliandikisha watu 538 waliokuwa wanaanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (VVU). Kati yao, 273 waliingizwa kwa kura katika mpango wa simu. Kila wiki walitumiwa ujumbe mfupi kutoka kliniki: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa ajibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa na muuguzi, na aliyekaa kimya naye alipigiwa. Mpango wote ndio huo. Hapakuwa na programu ya kupakua wala nywila ya kukumbuka, na simu ya kitochi ilitosha.

Baada ya miezi 12, asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walisema wametumia dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao ambao hawakutumiwa. Damu nayo ikapimwa, na virusi vilionekana vimefubazwa katika asilimia 57 ya waliotumiwa ujumbe dhidi ya 48 ya wenzao. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010, na tangu hapo jaribio hilo, liitwalo WelTel, halikosekani kila panapozungumzwa simu na afya Afrika.

Wengi wanaolisimulia husifu simu. Mimi leo nataka tuangalie kazi iliyotangulia simu. Watafiti wale, wakiongozwa na daktari Richard Lester, walikaa kwanza na wagonjwa na wahudumu wa kliniki kuulizana ujumbe uwe wa namna gani. Ujumbe uliopatikana haukutaja ugonjwa, haukutaja dawa, haukutaja kliniki. Hebu tujiulize mtaalamu wa kompyuta angeandika nini akiwa peke yake ofisini. Bila shaka angeandika, "Kumbuka kumeza ARV zako saa mbili usiku," na angeona ameandika vizuri, kwa kuwa ujumbe umeeleweka na hauna kosa. Lakini simu ile iko mezani sebuleni. Mtoto anaichezea, wifi anaiazima kupiga kwao, na mume hajaambiwa. Ujumbe mmoja wa namna hiyo unaweza kumfukuzisha mwanamke nyumbani kwake. Salamu ya kawaida, ambayo kijana yeyote mtaani angeweza kuituma, haimwumbui mtu.

Hoja yangu ya leo ni moja. Mgonjwa aitwe pale swali linapoundwa, kabla fundi hajaanza kazi, na atakapoitwa awe na uwezo wa kukataa. Kumwita mwishoni ili achague rangi ya kitufe ni kumshirikisha kwa jina tu.

Mgonjwa anajua nini?

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari anaujua ugonjwa, fundi anaijua mashine, lakini siku ya kuishi na ugonjwa anayeijua ni mgonjwa. Anajua saa ambayo vidonge vinamezeka bila kuulizwa maswali. Anajua simu ya nyumbani inashikwa na nani usiku, salio linakwisha tarehe ngapi, na umeme wa kuchaji unapatikana duka gani na kwa bei gani. Hayo hayamo kwenye faili la kliniki, na hakuna kipimo cha maabara kitakachoyaonyesha.

Ujuzi huo unagusa mambo ambayo kwa mbali yanaonekana madogo, kwa mfano ujumbe utumwe mara ngapi. Akili ya haraka inasema dawa zinamezwa kila siku, basi tukumbushe kila siku. Huko Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, watafiti walilipima jambo hili kwa wagonjwa 431 katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011. Wengine walikumbushwa kila siku, wengine kila wiki, na kundi moja halikukumbushwa. Katika makundi ya kila wiki, asilimia 53 walifikisha kiwango cha kumeza angalau tisini ya kila dozi mia. Kwa wasiokumbushwa ilikuwa asilimia 40. Waliokumbushwa kila siku hawakuwapita wale wasiokumbushwa kabisa. Kurefusha ujumbe kwa maneno ya kutia moyo nako hakukuongeza kitu. Mtu mwenye ugonjwa wa maisha angeweza kutuambia mapema kwamba kengele ya kila siku huzoeleka, kisha hukera, mwisho huzimwa.

Jambo la pili ni nani anamwuliza nani. Mjini Yaoundé, Kameruni, jaribio la watu 200 lililochapishwa mwaka 2012 lilituma ujumbe wa kutia moyo kila wiki, pamoja na namba ambayo mgonjwa angeweza kupiga. Tofauti ya maana haikuonekana. Jaribio lile lilikuwa dogo, na sitaki kulibebesha mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Hata hivyo, ukiliweka kando ya lile la WelTel unaona tofauti ya kimaumbile. Yaoundé ujumbe ulisema na mgonjwa. Katika WelTel ujumbe ulimwuliza, ukasubiri jibu, na ukimya wake ukamnyanyua muuguzi kwenye kiti. Walipohojiwa baadaye, wagonjwa wa WelTel walieleza kwamba walijihisi wana mtu anayewajali. Hicho ndicho walichokithamini, na hakikuwa ndani ya simu. Kilikuwa ndani ya muuguzi aliyepangiwa muda wa kupiga.

Wagonjwa hawafanani

Sasa nije kwenye upande mgumu wa hoja yangu, kwa sababu habari ya WelTel haikuishia mwaka 2010. Timu hiyo ilipeleka ujumbe uleule Kibera, jijini Nairobi, kwa watu 700 waliokuwa wamepimwa na kuanza kufuatiliwa kliniki. Safari hii swali lilikuwa kama wataendelea kuhudhuria katika mwaka wa kwanza. Matokeo yakachapishwa mwaka 2018: waliotumiwa ujumbe walibaki asilimia 79, wasiotumiwa asilimia 81. Haukusaidia.

Mnaweza kusema basi hoja imeanguka, maana ujumbe uliobuniwa pamoja na wagonjwa umeshindwa. Mimi naona kinyume chake. Aliyekwisha kuanza dawa ana kazi ya kila siku na maswali ya kila siku: madhara ya vidonge, chakula, safari. Aliyetoka kupimwa juzi ana mzigo mwingine kabisa. Bado anajiuliza kama majibu ni ya kweli, na amwambie nani. Salamu iliyomfaa wa kwanza haikulazimika kumfaa wa pili. Ushauri wa wagonjwa una mipaka ya wagonjwa waliotoa ushauri huo. Zana ikihamia kwa watu wengine, mazungumzo yaanze upya.

Zanzibar ilitupa somo kama hilo. Mwaka 2009 na 2010, utafiti uliohusisha vituo 24 na wajawazito 2,550 uliwapelekea kina mama ujumbe wa simu na vocha ya kuwapigia wahudumu, na waliandikishwa hata wale wasiomiliki simu. Waliojifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 60 katika vituo vya mpango na asilimia 47 katika vituo vingine. Ni faida kubwa. Ila ukichambua, faida hiyo ilikuwa ya wanawake wa mjini. Kwa wa vijijini mpango haukubadili mahali pa kujifungulia.

Kwa nini? Mama wa mjini akikumbushwa, hospitali iko jirani na daladala inapita. Mama wa shamba akikumbushwa, bado ni usiku, barabara ni mbovu, na mwenye gari anataka pesa taslimu kabla hajawasha injini. Ujumbe haumbebi mtu. Ukimwuliza mama yule anahitaji nini, yaelekea asingeanza na ujumbe. Angeanza na usafiri. Mpango wa m-mama, ambao leo unafanya kazi Tanzania kwa namba 115 isiyolipiwa, umejengwa juu ya hitaji hilo: simu inampata mratibu, mratibu anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anaitwa dereva wa jamii ambaye malipo yake yamepangwa tayari. Simu ni ileile. Kilichobadilika ni swali ambalo simu inajibu.

Hapo ndipo penye uzito wa kumwita mgonjwa mapema. Ukimwita wakati programu imeshaandikwa, atakusaidia kuifanya programu isomeke. Akija kabla, huenda akakwambia kwamba programu hiyo haihitajiki na fedha zinunue kitu kingine. Ushauri wa namna hii unauma, hasa mfadhili akiwa ameshasaini, na ndiyo sababu mara nyingi hatuuombi.

Waliochoka kusubiri

Kuna wagonjwa ambao hawakungoja kuitwa. Nchini Marekani, miaka kumi na kitu iliyopita, watu wenye kisukari cha aina ya kwanza walikuwa wameshapata kihisi kinachovaliwa mwilini na kupima sukari kila baada ya dakika chache. Kifaa kilikuwa sahihi, kimeidhinishwa, na kina kengele ya kumwamsha mtu sukari ikishuka usiku. Dana Lewis, aliyekuwa akiishi peke yake, aligundua kwamba kengele haikuwa na sauti ya kutosha kumwamsha. Kwa mtu mwenye kisukari hilo ni suala la kufa na kupona, kwa kuwa sukari ikishuka sana usingizini huenda asiamke tena. Naye John Costik, mtaalamu wa kompyuta na baba wa mtoto mdogo mwenye kisukari, alitaka kuona sukari ya mwanawe akiwa kazini, na kifaa hakikumruhusu.

Mwaka 2013 Costik alitafuta njia ya kuzitoa takwimu kwenye kifaa na kuzipeleka kwenye intaneti. Kazi yake ikawa msingi wa mradi wa Nightscout, uliokuzwa na wazazi na wagonjwa kwa kugawana maarifa bure, huku wakijiita watu wasiosubiri. Lewis na mwenzake Scott Leibrand walianza na kengele yenye sauti kubwa, wakaendelea hadi mfumo unaoiamuru pampu yenyewe iongeze au ipunguze insulini. Mwaka 2015 waliutoa kwa umma kwa jina la OpenAPS.

Wataalamu wengi waliogopa, na hofu yao ilikuwa na msingi, kwani insulini ikizidi inaua. Lakini mwaka 2022 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la New Zealand lililohusisha watu 97, watoto na watu wazima, likiutumia mfumo uliotokana na kazi hiyo. Waliouvaa walikaa ndani ya kiwango salama cha sukari kwa muda uliozidi wa wenzao kwa pointi 14 za asilimia, sawa na zaidi ya saa tatu kila siku. Januari 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha programu ya Tidepool Loop, iliyochipuka kutoka katika kazi za wagonjwa hao.

Tusilisimulie jambo hili kwa kushangilia tu. Waliofanya hivyo walikuwa na kihisi, pampu, kompyuta, elimu na muda. Kijana wa Kigoma au Kitui mwenye ugonjwa uleule anahangaikia kupata insulini yenyewe na mahali pa baridi pa kuihifadhi. Kwa hiyo, tukisubiri kila mgonjwa ajibunie zana yake, tutapata zana za wenye uwezo. Taasisi ndizo zenye wajibu wa kumfuata yule asiyeweza kujibunia.

Wala ushiriki huu haukuletwa na kompyuta. Mwaka 1983, mjini Denver, watu wenye UKIMWI walitoa tamko la kutaka kuwamo katika kila ngazi ya maamuzi yanayowahusu. Mwaka 1987, Uganda, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia watu wenye UKIMWI, wakiwa watu walioguswa na ugonjwa huo majumbani mwao. Mwaka 1994, mjini Paris, serikali 42 zikakubali rasmi kwamba watu wanaoishi na VVU washirikishwe zaidi. Hapa kwetu Tanzania tuna konga za watu wanaoishi na VVU wilayani, na baraza lao la kitaifa, NACOPHA. Mwenye zana mpya hana haja ya kuunda kamati ya wagonjwa ya kupigia picha. Kamati zipo; azifuate.

Uwezo wa kukataa

Kipimo cha ushiriki wa kweli ni kinachotokea mgonjwa anaposema hapana. Kenya ina mfano mzuri. Wakati wa kupanga utafiti wa kitaifa kuhusu makundi yaliyo katika hatari kubwa ya VVU, ilipendekezwa watu watambuliwe kwa alama za mwili, kama za vidole, ili mtu asihesabiwe mara mbili. Kitakwimu wazo lile lilikuwa safi. Wahusika walikuwa wauza ngono, wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume na watu wanaojidunga dawa za kulevya, yaani watu ambao sheria inaweza kuwakamata. Walikataa. Waliuliza alama hizo zitakaa wapi, nani atazifungua, na polisi akibisha hodi nani atamzuia. Majibu hayakuwaridhisha, na mamlaka zikakubali utafiti uendelee bila alama. Shirika la kutetea haki za afya la KELIN na muungano wa makundi hayo walitoa ripoti ya jambo hilo mwaka 2018.

Kabla ya hapo, Februari 2015, lilitolewa agizo la serikali la kukusanya taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU, walezi wao, na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Nia ilitajwa kuwa ni kupanga huduma. Desemba 2016 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kukusanya taarifa hizo kwa namna ambayo ingewafichua wahusika kulivunja Katiba. Wazazi wa watoto wale wangeulizwa mapema, huenda taifa lingeepuka kesi hiyo.

Leo tuna sheria. Kenya ina ile ya kulinda data ya mwaka 2019 na ile ya afya ya kidijitali ya mwaka 2023. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria hizi zinampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje. Lakini ridhaa inayoombwa kwa kitufe cha "Nakubali", mbele ya mgonjwa mwenye homa aliyepanga foleni tangu alfajiri, haina uhuru mwingi. Uamuzi wa taarifa zipi zikusanywe na zipi zisikusanywe ni sehemu ya ubunifu, na mgonjwa awemo humo.

Pingamizi na utaratibu

Najua pingamizi. La kwanza: mgonjwa hajui teknolojia. Hatumwombi aandike programu. Mchoreeni skrini kwenye karatasi, mpeni kalamu, mwone anakata nini.

La pili: ushirikishwaji unachelewesha. Uganda, Januari 2012, Wizara ya Afya ilisimamisha miradi ya afya ya kidijitali nchini humo baada ya miradi ya majaribio kujaa kila kona bila kuunganika wala kuendelea. Haraka ya aina ile haikuwafikisha mbali.

La tatu ndilo zito: wanaokuja mikutanoni ni walewale, wasemaji hodari, wenye nafasi. Ni kweli. Dawa yake ni kuwatafuta wasiokuja. Katika kliniki zetu tunao wale tunaowaita watoro, walioacha dawa au kuacha kuhudhuria. Mtoro anajua mahali huduma ilipokatika, kwa sababu yeye ndiye aliyekatikia hapo. Mradi wa kuwakumbusha wagonjwa uliobuniwa na wahudhuriaji wazuri peke yao umewauliza watu ambao hawakuhitaji kukumbushwa.

Basi napendekeza utaratibu. Bajeti ya mradi iwe na kifungu cha wagonjwa kinachojitegemea, cha nauli na posho ya kazi, kama wanavyolipwa washauri wengine. Vikao visiwekwe siku ya kliniki mtu akiwa na njaa na wasiwasi wa kupoteza namba yake. Wanawake wapate kikao chao, vijana chao, kwa maana binti hatasema mbele ya baba mkwe kwamba simu yake inakaguliwa. Majaribio yaanze kwenye simu duni kuliko zote, kioo kimepasuka na salio ni sifuri. Wauguzi wawemo, kwa kuwa kila neno "Shida" linalotumwa litamwangukia mmoja wao, na asipopangiwa muda halitajibiwa. Kamati inayoamua mradi uendelee au usimame iwe na wagonjwa wenye kura. Na zana ikishatumika mwaka mmoja, wagonjwa warudi mezani, kwa sababu ugonjwa, simu na maisha vitakuwa vimebadilika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wapo humu ukumbini watu watakaokalia viti vya kuidhinisha miradi hii, hospitalini, halmashauri na wizarani. Mtaletewa maonyesho mazuri na ahadi nyingi. Nawaomba kila mara muulize swali moja: ni jambo gani mlilipanga, mkaliacha au kuligeuza kwa sababu mgonjwa alilikataa? Mwenye jibu ataeleza, tena kwa mifano. Asiye nalo arudi kwanza kliniki, akae na wagonjwa, ndipo aje tena mbele yenu.